Klipu zimo kwenye programu, mbona video imepotea?

*Shikamoo mwalimu. Nilirekodi harusi ya ndugu wa rafiki yangu kwa kamera moja na kinasa sauti cha pembeni. Nilihamishia kila kitu kwenye laptopu, nikaingiza klipu zote kwenye programu ya kuhariri, na nimeshapanga karibu nusu ya kazi. Diski ikajaa. Nikafuta folda nililonakili kutoka kwenye kadi, maana klipu nilikuwa naziona zimo ndani ya programu. Sasa kila klipu ni nyekundu. Halafu siku ile ukumbini fundi mitambo aliniambia sauti yangu "inaklipu", na kwenye kinasa kuna taa yenye neno hilohilo. Klipu ni nini hasa? Na je, harusi ya watu nimeipoteza? Msomaji, Morogoro.*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri maelezo.

Huenda hujaipoteza. Tazama kwanza pipa la taka la kompyuta. Ukifuta kwa njia ya kawaida, mafaili hukaa humo mpaka pipa limwagwe, na kuyarudisha ni kubofya tu. Kama umeshalimwaga, funga programu ya kuhariri sasa hivi. Usipakue kitu, usisasishe kitu, usinakili hata picha moja kwenye diski hiyo. Kompyuta inapofuta faili, kwa kawaida huandika tu kwamba nafasi ile iko wazi, na chochote kitakachoandikwa baadaye kinaweza kukaa juu ya harusi yako.

Tegemeo lako kubwa ni ile memori kadi. Kama hujaifuta, kazi imekwisha: nakili upya. Kama uliifomati ndani ya kamera lakini hujarekodi tena, mara nyingi picha bado zimo. Itoe kwenye kamera, iweke pembeni, na utumie programu ya kufufua mafaili. PhotoRec ni ya bure na inafanya kazi nzuri kwenye kadi. Yale inayoyapata yahifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Nakutuma kwenye kadi kabla ya laptopu kwa sababu diski za kisasa za SSD huambiwa na mfumo zisafishe sehemu zilizofutwa, na zikishasafishwa hakuna programu itakayosaidia. Ujue pia kwamba PhotoRec hairudishi majina ya zamani, na faili kubwa lililokuwa limesambaa vipandevipande linaweza lisifunguke. Hilo la majina litakugharimu muda, nitalirudia.

Sasa klipu.

Ndani ya programu ya kuhariri, klipu ni maelezo. Inasema: nenda kwenye faili fulani, lililoko kwenye folda fulani, anza kuonesha kutoka fremu hii (yaani picha moja kati ya zile zinazounda video), ishia fremu ile, na ionekane hapa kwenye taimulaini, ule mstari wa muda unaopangia video yako. Picha zenyewe hazimo. Ifikirie kama hati ya kiwanja. Hati inataja kiwanja kiko wapi na mipaka yake inaanzia wapi kuishia wapi. Unaweza kuinakili mara kumi, unaweza kuiandika upya kwa mipaka mingine, na ardhi haijaongezeka wala kupungua. Lakini mto ukiichukua ardhi, hati iliyobaki mkononi haitakupa pa kujenga. Wewe ulibaki na hati zote, zimepangwa vizuri, na ukafuta ardhi. Ile skrini nyekundu ni programu inakwambia: nimekwenda mahali uliponiambia, sikukuta kitu.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa kupima uzito. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inazalisha takriban gigabaiti 45 kwa saa moja. Faili la mradi wa saa hiyohiyo huwa ni megabaiti chache tu. Harusi haiwezi kuingia humo hata ungeibana vipi. Faili la mradi la Adobe Premiere, kwa mfano, ni maandishi yaliyopangwa kwa mtindo uitwao XML, kisha yakabanwa. Ukilifungua bila kubanwa unakuta majina ya mafaili, njia za folda, namba za muda, na mipangilio ya rangi na sauti. Ni maandishi mwanzo hadi mwisho.

Namna iliyo wazi zaidi ya kuiona klipu ilivyo ni kutazama orodha ya mikato ya mtindo wa CMX 3600, ambayo programu kubwa za kuhariri bado zinaweza kuitoa hadi leo. Mstari wake mmoja huwa hivi:

001 KADI01 V C 00:04:10:00 00:04:16:12 01:00:00:00 01:00:06:12

Hiyo ndiyo klipu nzima. Ni mkato wa kwanza. Unatoka kwenye chanzo kinachoitwa KADI01. Ni wa picha. Umeingia kwa kukata moja kwa moja, bila kufifia. Kisha kuna namba nne za muda, kila moja ikiwa na saa, dakika, sekunde na fremu. Mbili za kwanza ni mahali unapoanzia na kuishia kwenye chanzo. Mbili za mwisho ni mahali unapokaa kwenye video yako. Sekunde sita na fremu kumi na mbili za harusi, zimeelezwa kwa mstari mmoja. Taimulaini yote unayoiona, yenye rangi na vijipicha vyake, ni mistari kama huo iliyochorwa ili macho yako yaielewe haraka.

Wazo hili limeanza zamani kuliko kompyuta unayotumia. Mwaka 1971 kampuni za Marekani CBS na Memorex zilitoa mtambo ulioitwa CMX 600. Diski za wakati ule zilikuwa ghali na hazikuweza kubeba picha za ubora wa matangazo, kwa hiyo mhariri alifanya maamuzi yake akitazama picha za nyeusi na nyeupe, za ubora wa chini, na mtambo ukatunza orodha ya maamuzi hayo. Orodha hiyo ndiyo iliyotumika baadaye kutengeneza video ya mwisho kutoka kwenye kanda halisi. Kampuni ya Avid walipoonesha mtambo wao mwaka 1989, njia ilikuwa ileile: hariri kwenye nakala nyepesi, tunza namba, halafu rudi kwenye asili. Uhariri wa kompyuta tangu mwanzo wake umetenganisha uamuzi na picha. Klipu ni uamuzi. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayokutatiza kwenye programu yataanza kueleweka yenyewe.

La kwanza ni kwamba kukata hakupotezi kitu. Unapoburuta ncha ya klipu kuifupisha, umebadilisha namba mbili tu. Iburute urudi nayo, na ile sehemu uliyoiondoa inarudi ikiwa kamili. Mhariri anayeanza huogopa kukata, kila baada ya mikato michache anatengeneza nakala ya faili zima "kwa usalama", na diski inajaa bila sababu. Nahisi diski yako ilijaa kwa namna hiyo. Kata bila woga. Kilichohitaji nakala ya usalama ni yale mafaili uliyoyafuta, pamoja na faili la mradi.

La pili ni akiba ya ncha. Umewahi kuweka mchanganyiko wa picha mbili, moja ikififia nyingine ikitokeza, programu ikakataa au ikaonesha fremu iliyoganda? Mchanganyiko wa sekunde moja uliokaa katikati ya mkato unahitaji nusu sekunde zaidi ya klipu ya kwanza baada ya mwisho wake, na nusu sekunde ya klipu ya pili kabla ya mwanzo wake. Kama klipu imetumika kuanzia fremu ya kwanza ya faili hadi ya mwisho, hakuna pa kuchukua. Dawa yake iko kwenye kurekodi. Bonyeza kurekodi kabla bibi harusi hajafika mlangoni, na usizime mara tu anapoketi; mpe sekunde tano. Wapiga picha wengi wa sherehe huzima kamera haraka ili kuokoa kadi, kisha wanalia wakati wa kuhariri. Nafasi ya kadi ni rahisi kuliko fremu ambayo haikurekodiwa.

La tatu, na hapa naomba uwe makini zaidi, ni majina na mahali. Kwa kuwa klipu inatafuta faili kwa jina na njia yake, kuhamisha folda, kulibadilisha jina, au kuchomeka diski ya nje ikapata herufi nyingine, kunaweza kuleta wekundu uleule hata kama hakuna kilichofutwa. Hapo usiogope. Bofya klipu kwa kitufe cha kulia, tafuta amri ya kuunganisha upya, ielekeze kwenye faili moja, na mara nyingi programu itayapata yaliyobaki kwenye folda hilo yenyewe. Lakini kamera nyingi huanza kuhesabu upya kadi inapofomatiwa. Siku ya sendofu ina C0001.MP4, siku ya harusi ina C0001.MP4. Ukiyaweka kwenye mafolda tofauti ndani ya diski moja, kisha siku moja ukaunganisha upya kwa haraka, programu inaweza kukuletea sendofu mahali pa nikaha, kwa urefu sahihi kabisa na picha zisizohusika. Kwa hiyo, kabla ya kuingiza chochote kwenye programu, tengeneza folda lenye tarehe na jina la kazi, ndani yake folda la kila kadi, na kama unabadilisha majina ya mafaili, fanya hivyo wakati huo. Ukishaingiza, usiguse jina tena.

Na ukinakili kadi, nakili kadi nzima pamoja na mafolda yake yote. Najua inashawishi kuchukua mafaili ya video tu. Kamera za Sony za mfumo wa XAVC S huweka video kwenye folda linaloitwa CLIP, ndani ya M4ROOT, ndani ya PRIVATE, pamoja na mafaili madogo ya maelezo pembeni yake. Kamera za mfumo wa AVCHD ni nyeti zaidi. Hotuba ndefu moja hukatwa kuwa mafaili kadhaa kwa sababu ya ukomo wa ukubwa wa faili kwenye kadi, na maelezo ya namna ya kuyaunga yako kwenye mafolda ambayo ungeyaacha. Ukiyavuta mafaili ya video (ya MTS) peke yake, kwenye maungio unaweza kusikia sauti ikiruka kidogo, katikati ya wosia wa baba mzazi. Kwa kamera kama hizo, klipu moja unayoiona kwenye programu inaweza kuwa mafaili matatu, na programu inajua hivyo kwa sababu tu umeiachia yale mafolda.

Sasa, neno hili lina matumizi ya mtaani ambayo ndiyo yaliyokuchanganya. Mtu akikuambia "nitumie ile klipu", anataka faili kamili la video, fupi, linalofunguka kwenye simu yoyote. Hiyo ina picha ndani yake na inajitegemea. Klipu ya kwenye taimulaini haijitegemei. Inakuwa faili pale tu unapoiambia programu itoe video ya mwisho, ndipo inasoma maamuzi yako yote, inachukua fremu kutoka kwenye asili, na kuandika faili jipya. Ndiyo maana kutoa video huchukua muda mrefu wakati kuhifadhi mradi ni kufumba na kufumbua.

Kwenye simu mambo yana utata zaidi. Programu nyingine hujitengenezea nakala ndani yake, na utaona zinavyokula nafasi. Nyingine zinasoma moja kwa moja kutoka kwenye galari, ukifuta huko mradi unabaki na matundu. Tabia hiyo hutofautiana kati ya programu na programu. Usikisie. Rekodi video ya majaribio, iingize, ifute kwenye galari pamoja na pipa lake, kisha fungua mradi uone. Fanya hivyo siku ambayo huna kazi ya mtu.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo linaeleza kwa nini laptopu yako inakwama unapopekua klipu za kamera, hata kama programu ya kutazamia filamu inazicheza vizuri. Kodeki, yaani njia za kubana video, kama H.264 hazihifadhi kila fremu ikiwa kamili. Zinahifadhi fremu kamili mara mojamoja, na zile za katikati zinaandikwa kama mabadiliko tu: hapa mkono umesogea, kule hakuna kipya. Kucheza mfululizo ni rahisi kwa sababu kila fremu inajengwa juu ya iliyopita. Wewe mhariri unarukaruka. Kila unapogusa fremu ya katikati, kompyuta inarudi hadi fremu kamili ya karibu na kujenga upya kuja mpaka hapo ulipogusa. Suluhisho ni proksi: nakala nyepesi za mafaili yako ambazo programu hutengeneza, unahariri kwa hizo, na wakati wa kutoa video inarudi kwenye asili. Programu inaweza hivyo kwa sababu klipu ni maelezo, na maelezo yanaweza kuelekezwa kwenye faili hili au lile. CMX ya 1971 hiyo, imerudi kwenye laptopu yako.

Ninataja proksi pia kwa ajili ya tatizo lako. Kama ulizitengeneza na zilikuwa kwenye folda tofauti na ulilolifuta, zimo. Ubora wake uko chini, lakini ni picha halisi za harusi, na familia itashukuru kuliko kukosa kabisa. Zitafute kabla hujakata tamaa. Usichanganye na mafaili madogo ambayo programu hutengeneza ili kuchora mawimbi ya sauti. Hayo ni michoro tu.

Tuje kwenye sauti. Klipu ya sauti ni maelezo vilevile, na programu za muziki zilichelewa kukubaliana jina. Pro Tools iliziita kwa jina jingine kwa miaka mingi na ikahamia kwenye klipu toleo la 10, mwaka 2011. Katika Ableton Live kuna klipu ambazo hazirejelei sauti yoyote. Zina noti tu, yaani kinanda kibonyezwe wapi na kwa nguvu gani, na sauti inatengenezwa wakati huohuo na ala iliyomo kwenye kompyuta. Audacity ni tofauti tena. Inanakili sauti ndani ya mradi wake, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 kila kitu kinakaa ndani ya faili moja. Kama sauti ya kinasa chako uliwahi kuifungua kwa Audacity ukahifadhi mradi, basi sauti hiyo unayo mpaka sasa hata kama faili la asili limefutwa. Angalia.

Tofauti kubwa ya kuhariri sauti na picha ni ukali wa kisu. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, ambayo ndiyo desturi ya televisheni za kwetu, mkato wa picha hauwezi kukaa popote ila kwenye mpaka wa fremu, kila baada ya milisekunde 40. Sauti ya video kwa kawaida hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya fremu moja kuna vipimo 1,920. Ukikata wimbi la sauti likiwa juu, sauti inadondoka ghafla hadi kimya na unasikia "tik". Wengi hudhani kinasa ni kibovu. Weka ufifiaji mfupi wa milisekunde tano hadi kumi kwenye kila ncha ya klipu ya sauti, na hizo tik zitaisha. Programu nyingi zinaweza kukuwekea zenyewe kwenye klipu zote ulizozichagua.

Kwa kuwa ulitumia kamera na kinasa tofauti, una klipu mbili za tukio lilelile, na saa za mashine hizo mbili hazilingani kabisa. Ukizipanga kwa kupiga kofi mwanzoni, baada ya saa moja ya sherehe midomo na sauti vinaweza kuwa vimeachana. Kata klipu ya sauti pale mtu aliponyamaza, isogeze kidogo, endelea. Kwa video za simu tatizo ni kubwa zaidi, maana simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na programu ya kuhariri inapata shida kuhesabu. Pitisha video hizo kwanza kwenye HandBrake, chagua idadi ya fremu isiyobadilika, ndipo uziingize.

Sasa ile taa ya kinasa. Hapo neno ni lilelile lakini jambo ni jingine kabisa, nalo ni la kuogopa kuliko wekundu wa kwenye programu. Sauti ya kidijitali ina dari. Katika faili la biti 16, kila kipimo ni namba kati ya −32,768 na 32,767. Hakuna namba ya juu zaidi. Dari hiyo kwenye mita, inayopima kwa desibeli, huandikwa sifuri, na sauti zote za kawaida ziko chini yake, −6, −12, −20. MC anapopaza sauti ikazidi dari, kinasa hakina namba ya kuandika, kinaandika ileile ya mwisho mara nyingi mfululizo. Kilele cha wimbi kinakuwa bapa, kama kimekatwa kwa mkasi, na masikioni unasikia mkwaruzo. Taa ya klipu inawaka kukwambia hivyo. Fundi mitambo alikuwa anakusaidia.

Ubaya wake ni kwamba kushusha sauti baadaye hakurudishi kilele. Unapata mkwaruzo uleule, wa chini. Zipo zana zinazokisia umbo la wimbi lililokatwa; Audacity ina ya kwake, nyingine za kulipia ni nzuri zaidi. Zinasaidia kama kilichokatwa ni kidogo, neno moja au mawili. Hotuba nzima iliyokwaruza haitengenezeki. Huko kwenye programu ya kuhariri unaweza kuahirisha kila uamuzi, lakini dari ya kinasa inaamuliwa palepale ukumbini na haibadiliki.

Kwenye kumbi zetu chanzo kikubwa ni kuchukua sauti kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za ukumbini, na kuiingiza kwenye tundu la maiki. Sauti inayotoka kwenye mikisa ina nguvu mara nyingi zaidi ya ile ya maiki, na tundu la maiki linaikuza tena. Tafuta kwenye kinasa chako mahali pa kubadilisha tundu kuwa la laini ("line"). Kisha, kabla wageni hawajafika, mwombe MC aseme kwa sauti yake ya vigelegele, siyo ile ya "moja mbili moja mbili", na uweke kilele kwenye −12. Itaonekana ndogo, utaikuza baadaye bila madhara. Kama kinasa chako kinaweza kurekodi nakala ya pili ikiwa chini zaidi, iwashe daima. Vinasa vya biti 32 za nukta elea, kama Zoom F6, vinaweza kuhifadhi sauti iliyozidi sifuri na ukaishusha baadaye, lakini hata hivyo maiki yenyewe ikizidiwa, au mikisa ikishaikwaruza kabla haijakufikia, hakuna cha kuokoa.

Picha nayo ina dari ya namna hiyo. Kwenye picha ya biti 8 kila rangi ina ngazi 256, na ya mwisho ni 255. Shela jeupe kwenye jua la saa saba linafika huko haraka, na nakshi zote ambazo fundi alizishona kwa wiki nzima zinakuwa doa jeupe. Washa mistari ya pundamilia kwenye kamera, ile inayoonesha pale mwanga ulipozidi, na ikitanda juu ya gauni punguza mwanga unaoingia. Uso utakuwa na giza kidogo, utauinua wakati wa kuhariri. Nakshi hutaweza kuzirudisha.

Turudi kwenye kazi iliyo mezani. Ukishapata mafaili kutoka kwenye kadi, yaweke kwenye folda lenye jina na njia ileile ya zamani, na majina yaleyale ya mafaili. Fungua mradi. Kama kila kitu kinalingana, wekundu utaondoka wenyewe na ile nusu ya kazi uliyoipanga itakuwa pale ulipoiacha, mkato kwa mkato, kwa sababu maamuzi yako hayakuguswa. Kama mafaili yametoka kwa PhotoRec yakiwa na majina ya ajabu, yafungue moja moja, linganisha urefu wake na urefu ambao mradi unautaja kwa kila klipu, na uyape majina yake ya awali kabla ya kuunganisha. Kazi hiyo inachosha, fanya asubuhi. Fungua nakala ya faili la mradi, na ile ya kwanza iache kama ilivyo.

Ukimaliza, programu nyingi zina amri ya kukusanya mradi: inanakili kila faili linalorejelewa na klipu zako na kuyaweka kwenye folda moja pamoja na mradi. Kwa Kdenlive na DaVinci Resolve itafute kwenye menyu za kuhifadhi kumbukumbu za mradi. Hilo ndilo folda unaloweza kulipeleka kwenye diski ya nje, na nakala ya pili kwenye diski nyingine, ndipo ufute kwenye laptopu. Na mjulishe mwenye harusi leo kwamba umepata tatizo na unalishughulikia. Kama kuna jamaa waliorekodi kwa simu, ni wiki hii ndipo bado hawajafuta. Waombe wakupe kwa kebo au kwa memori kadi, maana WhatsApp hubana video inayotumwa kwa njia ya kawaida. Kama hakuna namna nyingine, waitume kama hati.